Mdudu, Mti na Tarehe: Mhadhara juu ya Chawa wa Gome



Mdudu niliyekuja kumzungumzia leo mmempita njiani mara nyingi mkija hapa. Yuko kwenye mwembe, yuko kwenye mkorosho, yuko kwenye ua wa michongoma. Na kama shambani kwenu kuna mgomba wenye majani makavu yaliyoachwa yakining'inia, humo yumo kwa makumi. Huyu ndiye chawa wa gome. Spishi nyingi urefu wao ni kati ya milimita 1 na 5, wachache ndio wanaokaribia milimita 10. Hamuumi mtu, hamfyonzi mnyama, hatafuni majani mabichi. Chakula chake ni vile vinavyoota juu ya mti: mwani wa kijani unaotambaa kwenye shina baada ya mvua, spora za kuvu, yale mabaka ya kijivu ambayo vitabu huyaita kuvumwani, na masizi meusi yanayofunika majani ya mwembe pale wadudu magamba wanapoyadondoshea maji yao matamu. Nalisema hili mapema ili aliyekuja na swali la dawa ya kupuliza apumzike. Asipulize kitu.

Nina jambo moja la kuwaambia, na nitalizunguka kwa muda. Katika kazi ya kuwatambua wadudu hawa kila mtu anatafuta jina, na jina ndilo linaloweza kusubiri. Linaweza kupatikana baada ya miaka 50, likapatikana na mtu ambaye hajawahi kukanyaga nchi hii. Mahali, tarehe na mti ukiondoka bila kuviandika, havipatikani tena.

Watu wa pwani watanielewa upesi nikianza na sandarusi.

Karne ya 19 sandarusi ilikuwa bidhaa nzito ya Zanzibar, ikienda sambamba na karafuu na pembe za ndovu. Ilipakiwa majahazini na melini kwenda Bombay, Hamburg na Salem ya Marekani, ikayeyushwa kuwa vanishi ya samani na ya magari ya farasi. Asili yake ni utomvu wa msandarusi, uliotiririka kwenye shina, ukadondoka, ukafukiwa na mchanga, ukakaa humo hadi ukawa mgumu. Wachimbaji waliichimbua huko Mrima, pwani ya bara, kwa majembe. Ile mbichi, iliyotoka mtini moja kwa moja, iliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa duni. Sasa, utomvu unapotiririka hunasa chochote kilicho njiani, na chawa wa gome, ambaye shamba lake na nyumba yake ni gome hilohilo, hana pa kukimbilia. Miaka ya 1860 Hermann Hagen, daktari wa Königsberg ambaye baadaye alikuwa profesa wa elimu ya wadudu huko Harvard, alieleza katika maandishi yake chawa wa gome waliokutwa ndani ya sandarusi ya Zanzibar.

Ifikirieni hali ya sampuli hiyo. Mdudu laini, ambaye ukimwacha mezani hujikunja na kusinyaa mara moja, amekaa ndani ya kipande angavu cha rangi ya asali. Vipapasio vimenyooka, mishipa ya mabawa inahesabika. Hakuna pini wala spiriti inayoweza kumhifadhi mdudu vizuri kiasi hicho. Kisha someni kilichoandikwa juu ya asili yake: Zanzibar. Zanzibar ilikuwa bandari na ghala. Kipande kile huenda kilifukuliwa nyuma ya Bagamoyo, huenda upande wa Rufiji, huenda karibu na Kilwa. John Kirk, daktari aliyekuja kuwa konseli wa Uingereza Zanzibar, alieleza kwamba sandarusi ya kuchimbwa ilitokana na miti ya jinsi ileile inayoota pwani hadi leo. Hivyo mti tunaujua. Tunaujua kwa sababu mdudu alifia ndani yake. Mengine yote yalipotea kati ya shimo na ghala. Mchimbaji alijua kabisa amechimba wapi, ila hakuna aliyemwuliza. Huyo ni mdudu aliyehifadhiwa vizuri kuliko wote nitakaowatajia leo, na rekodi yake ndiyo mbovu kuliko zote.

Basi, tumtazame mwenyewe.

Njia ya kumpata ni rahisi hata inaonea aibu kuitwa ya kisayansi. Chukua mwavuli mweupe, au shuka nyeupe iliyofungwa kwenye vijiti viwili vilivyopishana. Uweke chini ya tawi. Lipige tawi kwa fimbo mara mbili tatu, pigo la ghafla na kavu. Usilitikise polepole, kwa maana ukilitikisa polepole wadudu wanajishikilia. Kinachoanguka ni mchanganyiko: siafu mmoja aliyekasirika, buibui, takataka za gome, vidukari, vithiripi. Subiri kidogo. Takataka mojawapo itaanza kukimbia. Itakimbia sentimita mbili, itasimama, itarudi kinyumenyume, itakwenda upande, itakimbia tena. Huo ndio mwendo wake, na mtu akishauzoea anamtambua kabla hajainua kioo cha kukuzia. Usimshike kwa vidole, utampasua. Lowesha ncha ya brashi ndogo ya kuchorea katika spiriti, mguse, naye atanata.

Kioo kinachokuza mara 10 kinatosha kwa hatua ya kwanza. Cha mara 20 ni bora. Tazama kichwa. Ni kikubwa kuliko unavyotarajia kwa mwili ule, macho yametokeza pembeni, na juu ya mdomo uso umefura. Ndani ya uvimbe huo imo misuli ya kuvuta na kusagia. Ndani ya mdomo, mbali na taya, kuna vijiti viwili vigumu ambavyo mdudu huvikita kwenye gome ajikaze huku taya zikikwangua. Vipapasio ni virefu na vyembamba, mara nyingi vya pingili 13, vikipapasa bila kutulia. Mabawa, kwa wale walio nayo, ni manne, ya mbele makubwa kuliko ya nyuma, na akipumzika huyaegesha juu ya mgongo kama paa la makuti la miteremko miwili.

Kichwa hicho kinafanya jambo moja ambalo mimi binafsi naliona la ajabu kuliko rangi zote za vipepeo. Chawa wa gome ananywa hewa. Ana vibamba viwili vidogo kwenye sakafu ya mdomo. Akivitokeza nje, vinafunikwa na ute unaonasa mvuke uliomo hewani, naye anauvuta ndani. Ndiyo maana anaweza kuishi kwenye gome lililokauka kabisa, mahali ambapo hakuna tone la maji, ilimradi hewa yenyewe ina unyevu wa kutosha. Chawa wa kuku na wa wanyama wengine wana chombo hichohicho mdomoni, na si kwa bahati. Uchunguzi wa maumbile na wa vinasaba umeonyesha kwamba chawa wa kweli, pamoja na yule wa kichwani mwa watoto wetu, walichipuka ndani ya ukoo huu huu. Siku hizi wote huwekwa katika oda moja, Psocodea. Spishi za ukoo huu zisizo chawa wa kweli, zilizokwisha kupewa majina duniani, zinazidi 5,500.

Jamaa yake wa nyumbani mnamjua. Ni yule mdudu mweupe asiye na mabawa, wa milimita 1, anayekimbia ukifungua kitabu cha zamani au debe la unga lililokaa. Chawa wa vitabu aliyeenea zaidi ulimwenguni, Liposcelis bostrychophila, alipewa jina hilo mwaka 1931 na Mfaransa André Badonnel, kwa sampuli zilizotoka Msumbiji. Ni majike karibu tupu. Wanataga mayai yasiyohitaji dume, na mmoja aliyesahaulika kwenye mfuko wa mchele anatosha kuanzisha ukoo. Namwacha hapo, maana leo tuko mtini.

Anaofananishwa nao ni wengi, na mkanganyiko huu hauna budi kuondolewa kwanza. Kidukari hutembea taratibu na ana mrija wa kufyonzea uliokunjwa chini ya kichwa. Chawa wa gome ana taya. Wale wadudu wadogo wa mimea wenye mabawa ya paa, ambao ukiwagusa huruka kwa kishindo, nao wana mrija, usiwahesabu. Kithiripi ni mwembamba, na mabawa yake ni nywele zaidi kuliko ngozi. Mchwa mchanga ana vipapasio vya shanga, vifupi. Ukishaona uso uliofura na vipapasio virefu vya uzi, umefika.

Kutoka hapo kwenda kwenye familia, njia inapitia bawa la mbele. Mlete mdudu kwenye mwanga, bawa lionekane upande. Karibu na ncha, kwenye ukingo wa juu, kuna eneo nene lenye rangi; umbo lake litazame. Kisha shuka kwenye ukingo wa chini. Kwa familia nyingi utakuta mshipa umejikunja ukafanya kitanzi. Swali ni moja: kitanzi hicho kiko huru, kimeungana na mshipa wa juu yake, au hakipo? Kwa Psocidae, ambao wengi wao ni wakubwa na wenye mabaka, kimeungana. Kwa Stenopsocidae kimeunganishwa kwa kijishipa kifupi kinachovuka. Kwa Caeciliusidae kiko huru, na mishipa ina nywele. Kwa Ectopsocus na Peripsocus hakipo kabisa. Mtu akikaa asubuhi moja na sampuli chache na kioo kizuri, maswali hayo yatamfikisha mbali.

Kuna mtego hapa. Tunutu, yaani mdudu mchanga ambaye hajakomaa, hana mabawa au ana vichipukizi tu vya mabawa, na hana pia viungo vya uzazi ambavyo wataalamu hutegemea. Mtu atafikiri ametupa muda wake akiangusha tunutu watupu. Hata kidogo. Mdudu mkubwa mwenye mabawa anaweza kuwa amepeperushwa na upepo akatua kwenye mti wako dakika ile. Mwaka 1939 Mmarekani P. A. Glick alichapisha matokeo ya mitego iliyofungwa kwenye ndege za kuruka juu ya Tallulah, Louisiana, na chawa wa gome walikuwamo miongoni mwa waliokamatwa angani. Tunutu hana bawa. Ukimkuta juu ya mkorosho, amezaliwa juu ya mkorosho. Jina lake huenda lisijulikane, lakini habari aliyonayo juu ya mti ni ya uhakika kuliko ya mzazi wake. Kwa hiyo andikeni tunutu, na andikeni kwamba ni tunutu.

Msidanganyike pia kwamba kila asiye na mabawa ni mchanga. Kuna jenasi iitwayo Mesopsocus ambayo jike hukomaa bila mabawa, akiwa na tumbo nene la mviringo. Mtazame miguu. Wakomavu wa jenasi hiyo wana pingili 3 kwenye wayo. Tunutu wa ukoo wote huu wana 2.

Na Mesopsocus ndio wanaonipeleka Uingereza, mahali ambapo wadudu hawa wameandikwa kwa subira kuliko sehemu nyingi. Edward Broadhead alikuwa mwalimu Chuo Kikuu cha Leeds. Yeye na A. J. Wapshere waliwafuatilia Mesopsocus wawili, immunis na unipunctatus, juu ya miti ya lachi, jamaa ya misonobari inayopukutisha majani wakati wa baridi. Spishi hizo mbili zinaishi mti mmoja, tawi moja, msimu mmoja. Zinakula chakula kimoja. Kwa nadharia za ikolojia za wakati ule, mmoja alipaswa kumfukuza mwenziwe. Mbona hakumfukuza? Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 1966, ulionyesha kwamba tofauti kubwa iko mahali pa kutagia: mmoja hutaga zaidi kwenye kwapa la vichipukizi vifupi, mwingine kwenye makovu yanayobaki pale majani na machipukizi yalipong'oka. Kuna nyigu wadogo mno wanaotaga ndani ya mayai hayo, kwa hiyo mahali pa yai ni jambo la kufa na kupona.

Sasa jiulizeni: kama daftari lao lingesema tu "lachi, Yorkshire", tungejua nini? Tungejua spishi mbili zimo mtini. Jibu lilikaa kwenye sentimita moja ya kijitawi. Ndiyo maana nawasumbua wanafunzi wangu wasiandike "mwembe" wakaishia hapo. Gome la shina au tawi? Tawi hai au lililokufa likabaki juu? Jani bichi, au jani kavu lililonasa katikati ya matawi? Upande wenye kuvumwani au upande mtupu? Chawa wa gome wa majani makavu na wa gome la shina kwa kawaida ni watu wa makabila tofauti, hata kama mti ni mmoja, na tawi la chini la mwembe linaweza kukupa wote wawili ndani ya mwavuli mmoja. Piga sehemu moja, mimina, andika, kisha piga ya pili.

Mwenyekiti ameniletea kikaratasi. Nakisoma: "Faida yake nini?" Swali la haki, nami nitalijibu kwa mdudu yuleyule. Kaskazini mwa Uingereza viwanda vilichoma makaa ya mawe kwa zaidi ya karne moja, miti ikapakwa masizi na kuvumwani vikafa. Habari ya nondo waliogeuka weusi inafundishwa shuleni hapa kwetu, mtahiniwa yeyote wa kidato cha nne anaijua. Mwaka 1978 watafiti Popescu, Broadhead yuleyule na Shorrocks walionyesha jambo lilelile kwa Mesopsocus unipunctatus: wako weusi na wako wa rangi hafifu, na uwiano wao ulifuatana na uchafu wa hewa wa mahali. Mdudu wa milimita 5 anapima moshi. Lakini hilo lilionekana kwa kuwa kila kichupa kilikuwa na mahali pake. Changanya vichupa hivyo mezani bila lebo, na kinachobaki ni wadudu weusi na wadudu wasio weusi.

Uingereza leo ina mpango wa kitaifa wa kuandikisha chawa wa gome, na wanaouendesha kwa miguu yao ni raia wa kawaida wenye mwavuli na kioo, si maprofesa tu. Spishi zilizoandikwa nchini humo ni karibu 100, nyingi za nje na chache za majumbani na maghalani. Wana kitabu cha mwongozo cha Tim New, toleo la kwanza 1974, la pili 2005. Mtu mwenye kichaka kimoja cha bustani anaanza na Valenzuela flavidus, wa manjano, wanaojulikana huko kwa kuwa majike tupu, au Graphopsocus cruciatus mwenye mabaka meusi mabawani, ambaye hata kwa kioo cha kawaida hakosewi. Kisha anakwama, na hapo ndipo penye funzo.

Kwa miaka mingi Waingereza walimwandika mdudu mdogo wa majani makavu kwa jina la Ectopsocus briggsi. Mwaka 1978 Courtenay Smithers akaonyesha kwamba chini ya jina hilo zilikuwa zimefichama spishi mbili, na ya pili akaiita Ectopsocus petersi. Tofauti hazionekani kwa macho. Rekodi zote za zamani zikatiwa shaka siku moja. Waandishi wake hawakuzembea. Walitumia elimu iliyokuwapo. Lakini rekodi hizo ziligawanyika mara mbili. Zile ambazo mdudu wake alibaki ndani ya kichupa zilitazamwa upya, zikapewa jina lake sahihi, na tarehe yake ya miaka ya nyuma ikaendelea kutumika. Zile zilizobaki karatasi tupu, jina bila mdudu, haziwezi kusahihishwa na mtu yeyote. Nami nasema wazi: rekodi isemayo "Ectopsocus, spishi haijulikani, jani kavu la mgomba, sampuli ipo" ina thamani kuliko rekodi yenye jina kamili la kujivunia na hakuna mdudu. Anayeandika zaidi ya anachokijua anamtwisha mzigo mtu wa miaka 40 ijayo.

Kwetu njia imeshakanyagwa kidogo. Badonnel aliandika juu ya chawa wa gome wa Kongo na Angola. Broadhead mwenyewe, pamoja na Aola Richards, walichapisha mwaka 1982 uchunguzi wao wa chawa wa gome wa Afrika Mashariki, wa majina na wa ikolojia. Orodha ya dunia nzima ilitolewa Geneva mwaka 2002 na Charles Lienhard na huyohuyo Smithers. Mwenye kutaka majina atapata pa kuanzia. Mimi natamani zaidi tuanze na mgomba. Jani kavu la mgomba linaloning'inia ni makazi mazuri mno ya wadudu hawa: limejikunja, giza liko ndani, kuvu zinaota kwenye mikunjo, na mvua haifiki. Bukoba, Moshi, Rungwe, Kisii, Masaka, Ngozi, popote penye migomba, maabara iko nyuma ya jiko. Bibi zetu hukata majani hayo kwa kufunikia na kufungia vitu. Kabla hawajayakata, waombeni wayakung'ute juu ya shuka.

Niseme pia juu ya utando, kwa sababu ndiyo simu ninayopigiwa mara nyingi. Baadhi ya chawa wa gome wanasokota hariri, ambayo hutokea mdomoni. Wengi huitumia kufunika mayai tu. Lakini jenasi ya Archipsocus, ya nchi za joto, huishi kwa makundi na hufunika shina na matawi kwa utando mweupe mwembamba. Huko Texas na Florida mialoni huonekana imevishwa soksi, na wenye nyumba hupiga simu kwa mabwana shamba wakidhani mti unakufa. Mti haufi. Wadudu wanakula uchafu wa gome chini ya hariri yao, kisha utando huchanika na kupotea wenyewe. Ukiuona kwenye mti wako, piga picha, andika tarehe, chukua wadudu wachache, usichukue kopo la dawa.

Sasa kazi yenyewe ya kuandika. Kichupa kimoja, pigo la sehemu moja ya mti mmoja. Spiriti iwe ya asilimia 70 hadi 80. Konyagi haifai, na nawaomba msijaribu, kwa ajili ya mdudu na kwa ajili yenu. Spiriti hufifisha rangi, hivyo mpige picha angali hai au muda mfupi baada ya kufa: moja kutoka juu, moja kutoka upande ili bawa lionekane, na rula ya milimita pembeni. Usimwache akakauka, na usimtoboe kwa pini.

Lebo ni kipande cha karatasi nzuri kinachotoshea ndani ya kichupa pamoja na mdudu. Ndani, sio nje. Lebo ya nje hubanduka, na vichupa viwili vilivyobanduliwa lebo ni hasara ya siku nzima. Iandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu nyingi huyeyuka katika spiriti na kumwachia mdudu wako maji ya buluu. Andika nchi, mkoa na wilaya, kijiji au mtaa, vipimo vya mahali kutoka kwenye simu, mwinuko, tarehe yenye mwezi kwa jina ili mwezi wa 3 tarehe 4 usije ukasomwa mwezi wa 4 tarehe 3, jina la mti, sehemu ya mti, namna alivyopatikana, na jina lako. Kama mti huujui, usibuni. Weka jani lake ndani ya gazeti lililokunjwa, liandike namba ya kichupa. Mzee wa kijiji atakupa jina la mti kwa Kisambaa au Kichaga, na jina hilo liandike vilevile lilivyo, pamoja na lugha yake; watu wa mimea wana kamusi za kulifuatilia.

Anayekusanya ndani ya msitu wa hifadhi au hifadhi ya taifa atafute kibali kwanza, na kutuma sampuli nje ya nchi kuna taratibu zake. Kwa shamba lako au ua wa shule, ruhusa ya mwenye shamba inatosha kuanza. Picha na rekodi zinaweza kuwekwa kwenye tovuti ya iNaturalist, ambako watu wa nchi nyingine watakusaidia walau kufika kwenye familia, na rekodi zilizothibitishwa huweza kuingia kwenye hazina ya GBIF ambayo mtafiti yeyote huifungua bila malipo. Picha peke yake mara nyingi haifikii spishi kwa wadudu hawa, kwa sababu mtaalamu atataka viungo vya uzazi chini ya hadubini. Kwa hiyo kwenye rekodi hiyo taja kichupa kiko wapi na namba yake ni ngapi. Asiye na mahali pa kukiweka akipeleke idara ya zoolojia ya chuo kikuu kilicho karibu au makumbusho. Makumbusho ya Nairobi, kwa mfano, yana mkusanyo mkubwa wa wadudu na watu wanaojua kuutunza.

Kuna mwanafunzi hapo mbele ameninyooshea mkono tangu nilipotaja majike tupu, na najua anachotaka kuuliza, kwa kuwa magazeti yamewahi kukiandika. Ndiyo, ni kweli. Mwaka 2014 Kazunori Yoshizawa, Rodrigo Ferreira, Yoshitaka Kamimura na Charles Lienhard walieleza chawa wa mapangoni Brazili, Neotrogla, ambao jike ndiye mwenye kiungo cha kuingiza na dume ndiye mwenye kupokea, na wakishikana hukaa hivyo saa 40 hadi 70. Mwaka 2017 kazi hiyo ilipata tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Ni kazi nzuri. Ila tangu wakati ule kila nikitaja wadudu hawa naulizwa hilo tu, na hakuna anayeuliza yale mapango yana kinyesi cha popo kiasi gani, jambo ambalo ndilo watafiti wanalolihusisha na tabia hiyo: chakula ni haba, na dume huleta mbegu zikiwa na lishe ndani yake.

Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali, tutakutana chini ya miembe nyuma ya ukumbi huu. Mwavuli mweupe mmoja unatosha watu wanne. Karatasi za lebo nimezikata tayari, ziko mezani hapo mlangoni pamoja na penseli. Chukueni mnapotoka, ni bure. Majina ya wadudu tutayatafuta pamoja siku nyingine, hata kama itachukua mwaka. Lakini atakayeniletea kichupa kisicho na karatasi ndani, hata akiwa na mdudu wa ajabu namna gani, nitamrudisha palepale mtini akapige tawi upya.